Kodi Ndogo, Moto Mkubwa: Rekodi za Makoloni 13 Yaliyoachana na Uingereza

Mwaka 1763, mkulima wa Massachusetts au mfanyabiashara wa Philadelphia alijiona Mwingereza kamili, na alijivunia kuwa raia wa Mfalme George III. Miaka 13 baadaye, watu wa makoloni hayohayo walikuwa wakikata sanamu ya mfalme huyo vipande vipande.

Katikati ya nyakati hizo mbili kuna visa vya kushangaza. Tumevikusanya hapa kwa kipimo cha kilicho kikubwa zaidi, kifupi zaidi, cha kwanza na cha mwisho. Ukivisoma kwa mfuatano utasikia swali moja likirudi: nani aliulizwa? Walowezi wa Marekani walikuwa miongoni mwa watu waliotozwa kodi nyepesi kabisa katika himaya ya Uingereza. Kilichowachoma ni kutwishwa mzigo na Bunge la London ambalo hawakuwa na mbunge hata mmoja ndani yake.

Deni zito kuliko yote

Ugomvi ulianzia kwenye ushindi. Vita vya Miaka Saba vilipoisha mwaka 1763, Uingereza ilikuwa imeinyang'anya Ufaransa Kanada na ardhi kubwa ya mashariki ya mto Mississippi. Gharama yake ilitisha. Deni la taifa lilipanda kutoka pauni milioni 75 hivi hadi karibu pauni milioni 130, na riba yake ikawa inameza sehemu kubwa ya mapato ya serikali.

Waingereza wa nyumbani walikuwa tayari wanakamuliwa. Walilipia ardhi, chumvi, hata madirisha ya nyumba zao. Mawaziri wakatazama ng'ambo ya Atlantiki, wakaona watu wapatao milioni mbili waliolindwa na jeshi la mfalme huku wakichangia kidogo mno. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyelindwa naye alipe.

Mwaka huohuo, tarehe 7 Oktoba, mfalme alichora mstari kwenye milima ya Appalachian na kuwakataza walowezi kuhamia upande wa pili, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili. Walowezi waliopigana vita kwa tamaa ya ardhi ile walihisi wamedhulumiwa ngawira yao. Wenyeji wa asili, wenye ardhi yenyewe, hawakuulizwa na upande wowote vita vilipomalizwa.

Sheria iliyoishi muda mfupi zaidi

Sheria ya Stempu ilipitishwa tarehe 22 Machi 1765, ikaanza kazi tarehe 1 Novemba, na ikafutwa tarehe 18 Machi 1766. Iliishi miezi minne na nusu tu.

Sheria hiyo ilitaka kila gazeti, hati ya mahakama, leseni, hata karata na dadu, viwe na muhuri wa kodi. Kosa lake lilikuwa la kisiasa kuliko la kihasibu, kwa sababu iliwagusa kwa pamoja wachapaji, mawakili, wafanyabiashara na wenye vilabu vya pombe. Hao ndio watu wenye midomo mikubwa katika mji wowote. Mwezi Agosti, watu wa Boston walimtundika mtini mwanasesere aliyefanana na Andrew Oliver, wakala wa stempu, kisha wakaharibu nyumba yake. Oliver alijiuzulu. Hadi Novemba inafika, karibu mawakala wote walikuwa wamemfuata, na sheria ikakosa mtu wa kuitekeleza.

Mwezi Oktoba wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York. Makoloni hayo yalizoea kuoneana wivu na kugombania mipaka, lakini kodi moja iliyaketisha meza moja. Bunge lilisalimu amri, ila siku ileile lilipoifuta sheria lilipitisha nyingine iliyotamka kwamba lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote. Moto ulifunikwa kwa majivu, haukuzimwa.

Wa kwanza kuanguka

Mwaka 1767 zilikuja kodi za kioo, rangi, karatasi na chai, na nyuma yake wakaja wanajeshi kulinda watoza ushuru wa Boston. Tarehe 22 Februari 1770, mtoto wa miaka 11 hivi, Christopher Seider, aliuawa kwa risasi ya mtu wa forodha aliyezingirwa na waandamanaji. Maelfu walimzika.

Siku 11 baadaye, usiku wa tarehe 5 Machi, umati uliwazingira askari kwa matusi na mabonge ya theluji. Askari wakafyatua risasi, na watu watano wakafa. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuanguka ni Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, ambaye inaaminika aliwahi kutoroka utumwani. Orodha ya mashujaa wa taifa ambalo lingeendelea na utumwa kwa miaka mingine 95 inaanza na jina lake.

Askari walipofikishwa mahakamani, wakili aliyekubali kuwatetea alikuwa John Adams, mpinzani wa kodi na Rais wa pili wa baadaye wa Marekani. Sita waliachiwa huru, na wawili wakakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Adams alitaka ionekane kwamba mtu anaweza kuipinga serikali bila kuikanyaga sheria.

Chai iliyogharimu kuliko zote

Msomaji wa Afrika Mashariki anayesikia habari za chai ya Boston huenda akawaza Kericho au Mufindi. Chai hii ilitoka China, mali ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, iliyokuwa imejaza maghala London na kukaribia kufilisika. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 iliiruhusu kuuza moja kwa moja katika makoloni. Bei ya chai halali ilishuka, na kodi ya mwaka 1767 ikabaki humohumo.

Hapo ndipo panapohitaji kutulia. Watu waliandamana dhidi ya chai ya bei nafuu. Wafanyabiashara wa magendo, waliokuwa wakiingiza chai ya Waholanzi, walikuwa na maslahi yao, ndiyo. Lakini wananchi wa kawaida nao waliuona mtego: ukinywa chai rahisi, umekubali kwamba Bunge lina haki ya kukutoza.

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, wanaume kadhaa waliojivika kama Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili, walipanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver. Kwa muda wa saa tatu hivi walipasua makasha 342 na kuyamwaga baharini. Zilikuwa tani 42 hivi za majani, zenye thamani ya pauni 9,659.

London ilijibu kwa hasira. Bandari ya Boston ilifungwa kuanzia tarehe 1 Juni 1774 hadi chai ilipwe, na serikali ya Massachusetts ikapokonywa madaraka. Lengo lilikuwa kuitenga Boston na wenzake, lakini wenzake wakaanza kuipelekea chakula. Mwezi Septemba makoloni 12 yalituma wajumbe Philadelphia kwenye Kongresi ya kwanza ya Bara. Georgia pekee haikuja, kwani ilitegemea msaada wa Uingereza katika ugomvi wake na wenyeji wa mpakani.

Ushindi uliouma kuliko kushindwa

Tarehe 19 Aprili 1775, askari wa mfalme walitoka Boston kwenda kukamata silaha zilizofichwa Concord. Njiani, katika kijiji cha Lexington, walikutana na wanamgambo wachache, na wanamgambo wanane wakauawa. Kurudi kwao kukawa jehanamu, maana wakulima waliwapiga risasi kutoka nyuma ya kuta za mawe na miti. Jioni Waingereza waliokufa walikuwa 73, na walowezi 49.

Rekodi yenyewe iliwekwa tarehe 17 Juni, kwenye pigano la Bunker Hill. Waingereza walipanda kilima mara tatu na hatimaye wakakiteka. Ila walipohesabu waliouawa na kujeruhiwa walikuta 1,054, kati yao 226 wamekufa. Hakuna siku nyingine ya vita hivyo iliyowaumiza hivyo. Kutoka hapo majenerali walijua kwamba wanapigana na jeshi, wala si genge la wahuni.

Hata hivyo, mwezi uliofuata Kongresi ilimwandikia mfalme ombi la amani. Mfalme hakulipokea, na tarehe 23 Agosti akatangaza kwamba makoloni yameasi.

Kurasa 47 zenye nguvu kuliko mizinga

Mwanzoni mwa 1776 wengi bado walilaumu Bunge na mawaziri huku wakimwonea mfalme haya. Aliyeivunja haya hiyo alikuwa mgeni. Thomas Paine alifika Philadelphia mwishoni mwa 1774, akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Benjamin Franklin. Mwaka uleule alikuwa amefukuzwa kazi Uingereza, na kazi aliyofukuzwa ni ya ukaguzi wa kodi.

Tarehe 10 Januari 1776 kilitoka kijitabu chake cha kurasa 47, *Common Sense*, bila jina la mwandishi. Aliandika kwa lugha ya karakana na sokoni, akauliza kwa nini kisiwa kitawale bara, na kwa nini mtu azaliwe na haki ya kutawala wenzake. Kijitabu kilichapwa tena na tena, kikasomwa kwa sauti kwenye vilabu na kambini. Kabla yake, kudai kujitenga kulikuwa kunong'ona. Baada yake kukawa mazungumzo ya barazani.

Tarehe 4 Mei, Rhode Island ikawa koloni la kwanza kujivua utii kwa mfalme.

Kura iliyosafiri kwa shida kuliko zote

Kongresi ilipokaribia kupiga kura ya uhuru, Delaware iligawanyika: Thomas McKean alitaka uhuru, George Read alikataa. Mjumbe wa tatu, Caesar Rodney, alikuwa nyumbani kwake karibu na Dover, akiugua pumu na saratani ya uso. Alipopata habari alisafiri usiku kucha kwenye mvua ya radi, zaidi ya kilomita 110, akaingia ukumbini tarehe 2 Julai kwa wakati wa kupiga kura. Delaware ikasema ndiyo.

Makoloni 12 yalikubali siku hiyo. New York ilingoja ruhusa ya nyumbani, nayo ikawa ya mwisho, tarehe 9 Julai. Kwa hiyo uamuzi wa kujitenga ni wa tarehe 2. Tarehe 4 inayosherehekewa ni siku maandishi ya Tangazo la Uhuru yalipopitishwa.

Saini kubwa, kijana na mzee, na aya iliyofutwa

Walioweka saini ni 56, wengi wao tarehe 2 Agosti. Mzee wao alikuwa Franklin, mwenye miaka 70. Mdogo alikuwa Edward Rutledge wa South Carolina, mwenye miaka 26. Saini kubwa kuliko zote ni ya mwenyekiti wa Kongresi, John Hancock, na John Witherspoon alikuwa mchungaji pekee aliyekuwa bado akihudumu. Wa mwisho kufariki alikuwa Charles Carroll wa Maryland, Mkatoliki pekee kati yao, aliyefikisha miaka 95 na kufa Novemba 1832. Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu, na John Adams, aliyeisukuma ipite, walikufa siku moja, tarehe 4 Julai 1826, siku Tangazo lilipotimiza miaka 50.

Jambo zito zaidi katika hati hiyo halimo ndani yake. Jefferson alikuwa ameandika aya kali ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Wajumbe wa South Carolina na Georgia hawakuitaka, na baadhi ya wa kaskazini, ambao meli zao zilibeba watumwa, nao hawakuwa na moyo wa kuitetea. Ikafutwa. Jefferson mwenyewe alimiliki zaidi ya watumwa 600 katika maisha yake. Mtu mmoja kati ya kila watano katika makoloni hayo alikuwa mtumwa, na hati iliyotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa haikumuuliza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sanamu iliyotumika vizuri kuliko zote

Jioni ya tarehe 9 Julai 1776 Tangazo lilisomwa mbele ya jeshi mjini New York. Umati ulikwenda moja kwa moja Bowling Green, ukaifunga kamba sanamu ya George III akiwa juu ya farasi, ukaivuta hadi chini. Ilikuwa ya madini ya risasi iliyopakwa dhahabu. Sehemu kubwa ilipelekwa Connecticut na kuyeyushwa, ikatoka risasi 42,088. Kiswahili kinakisimulia kisa hiki kwa neno moja: risasi iligeuka risasi.

Pigano kubwa, ukungu mnene

Kiangazi hicho Uingereza ilileta New York mamia ya meli na askari zaidi ya 30,000, wakiwemo maelfu ya Wajerumani wa kukodiwa. Tarehe 27 Agosti lilipiganwa pigano la Brooklyn, kubwa kuliko yote katika vita hivyo kwa idadi ya wapiganaji. George Washington, kamanda wa jeshi la Marekani, alishindwa vibaya na kubanwa mgongo majini. Usiku wa tarehe 29, wavuvi wa Massachusetts chini ya John Glover waliwavusha askari wapatao 9,000 kwa mashua, kimya kimya, na alfajiri ukungu ukawafunika wa mwisho. Jeshi lililookolewa usiku huo ndilo lililopigana miaka mingine saba.

Muuaji mkubwa kuliko risasi

Waliokufa kwa maradhi na vifungoni walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Kwenye ghuba ya Wallabout, Brooklyn, Waingereza walizifanya meli kuukuu magereza. Mbaya kuliko zote iliitwa Jersey. Wafungwa wapatao 11,000 wanakadiriwa kufia katika meli hizo zote, ilhali waliouawa mapiganoni upande wa Marekani ni 6,800 hivi.

Ndui nayo ilivuka bara zima. Washington, aliyeugua ndui ujanani huko Barbados, aliamuru mwaka 1777 askari wake wachanjwe. Ujuzi huo ulikuwa na mizizi Afrika: huko Boston, mtumwa aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi watu wa kwao walivyochanjwa, na chanjo ikajaribiwa mjini humo mwaka 1721. Afrika ilichangia uhai wa jeshi hilo bila kuwekwa kwenye hesabu.

Rafiki wa kwanza, na mzingiro mrefu kuliko wote

Mwezi Oktoba 1777, Jenerali Burgoyne wa Uingereza alijisalimisha Saratoga na askari karibu 6,000. Ufaransa, iliyokuwa ikisaidia kwa siri, ikaamini kwamba waasi wanaweza kushinda, na tarehe 6 Februari 1778 ikaweka saini mkataba nao. Kabla ya hapo, Desemba 1777, Sultani Mohammed III wa Morocco alikuwa ameshaorodhesha Marekani kati ya nchi ambazo meli zake zinakaribishwa bandarini mwake. Dola ya Kiafrika ilikuwa ya mwanzo kabisa kuitambua nchi mpya, na mkataba wao wa mwaka 1786 ni mkongwe kuliko yote ambayo Marekani inayo bila kukatika.

Vita vikawa vya dunia. Hispania na Ufaransa ziliizingira Gibraltar kwa miaka mitatu na miezi saba, mzingiro mrefu kuliko wote, na zikashindwa. Mzingiro uliokata shauri ulichukua wiki tatu tu, huko Yorktown, Virginia. Meli za Wafaransa zilikuwa zimeziba bahari, na tarehe 19 Oktoba 1781 askari zaidi ya 7,000 wa jenerali wa Uingereza, Lord Cornwallis, waliweka silaha chini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Aliyekwenda mbali kuliko wote

Mtu huyu hana sanamu wala saini. Alizaliwa karibu na mto Gambia, akauzwa utumwani, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Alihudumia mazizi ya farasi huko Mount Vernon, shamba la Washington. Wakamwita Harry.

Novemba 1775, gavana wa mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wake. Mwaka 1776, mwaka uleule wa Tangazo la Uhuru, Harry alitoroka na kujiunga na jeshi la Uingereza. Bwana wake alipigania uhuru upande mmoja, naye akautafuta upande wa pili.

Mei 1783 Washington alikutana na Jenerali Guy Carleton wa Uingereza na kudai watumwa warudishwe. Carleton alikataa, akisema kwamba waliahidiwa uhuru na ahadi lazima itimizwe. Majina ya watu weusi wapatao 3,000 yaliandikwa daftarini kabla ya kupanda meli kuelekea Nova Scotia, na Harry Washington akiwa miongoni mwao. Huko walikuta baridi, njaa na ahadi za ardhi zisizotekelezwa. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walivuka tena bahari, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone. Harry alirudi Afrika akiwa mtu huru.

Hata huko kodi ilimfuata. Kampuni iliyotawala koloni ilidai kodi ya ardhi ambayo walowezi weusi waliona hawakuikubali kamwe, na ikawanyima sauti katika kuchagua viongozi wao. Mwaka 1800 walitunga sheria zao wenyewe na kuasi. Harry alikuwa nao. George Washington alikuwa amefariki mwezi Desemba uliotangulia, akiomboleziwa kama baba wa taifa lililozaliwa kwa hoja hiyohiyo. Uasi wa Freetown ulizimwa, wawili wakanyongwa, na Harry akahamishiwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom.

Sisi ambao mababu zetu walikatiwa stakabadhi za kodi ya kichwa na serikali ya Uingereza hiyohiyo, karne moja baadaye, hatuhitaji kufafanuliwa walichodai watu wa Freetown. Lilikuwa lilelile la Boston: aulizwe anayelipa. Boston ilishinda na ikapata mnara. Harry alishindwa, akaachiwa pwani ya bara alikoibwa. Kati ya rekodi zote hizi, yake ndiyo inayopima vizuri zaidi neno uhuru, kwa kuwa alilidai mara mbili, na kila mara mbele ya watu waliokwisha kulidai kwa ajili yao wenyewe.